Jeshi Lililohamia Werugha

Kompyuta ilikuwa moja tu pale dukani, na haikuwa yangu. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kiislamu, wazazi wake watu wa Lamu, aliyeuza vitabu vya shule mjini Voi. Aliniajiri miezi michache baada ya mvua za El Niño nimchapie kazi za wateja, barua na kadi za harusi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini kutoka Werugha kule milimani, vidole vyepesi, mdomo mwepesi zaidi. Fundi aliyeileta kompyuta kutoka Mombasa alikuwa ameacha ndani yake mchezo wa vita vya kale, na mimi ndiye niliyeufukunyua.

Kucheza kwenyewe kulinichosha upesi. Kilichonitia wazimu ni ile sehemu ya kutengeneza ramani yako na vita vyako mwenyewe. Siku niliyoigundua sikula chakula cha mchana. Niliamua papo hapo kwamba nitavitengeneza vita vya Waingereza na Wajerumani vilivyopiganwa huku kwetu mwaka wa 1914 na kuendelea. Shuleni mwalimu alivimaliza kwa nusu kipindi, ilhali reli ya vita ilianzia hapa hapa Voi kwenda Maktau.

Miezi miwili nilichora saa za mapumziko. Mchezo haukuwa na bunduki wala treni, ulikuwa na mikuki, mishale na farasi. Basi Waingereza nikawavika nyekundu, Wajerumani buluu, na treni ikawa mikokoteni mitano iliyofuatana. Nyika ya Ndara nikaijaza simba na ndovu. Sagalla, alikoolewa shangazi yangu, nikaiacha bila tone la maji, maana huo ndio ukweli na shangazi angenikana kama ningedanganya. Lakini Werugha! Huko nilimwaga matunda, ng'ombe na mashamba mpaka ramani ikakosa nafasi. Mwamba ngoma huvutia kwake. Nilikuwa na furaha mpaka wateja wakaniuliza nacheka nini.

Kisha fundi akarudi, akasema diski imejaa na mchezo ndio unaokula nafasi. Mzee akaniambia niufute.

"Baba, ni kazi yangu ya miezi miwili," nikasema. Machozi yalikuwa karibu.

"Kazi hiyo sikukutuma mimi."

"Icheze kwanza, halafu nitaifuta mwenyewe."

"Haya. Jumamosi nikitoka kuswali adhuhuri nitaketi hapo mpaka adhana ya alasiri. Nikichoka kabla ya hapo, mwanangu, nisisikie tena habari ya mchezo."

Jumamosi ilipofika nilimkalisha kitini, nikamshikisha kipanya. Maelezo niliyaandika mimi: wewe ni mkuu wa jeshi Voi, fikisha reli Maktau, kisha uteke ngome ya Wajerumani ya Salaita. Akayasoma mara mbili, akarekebisha miwani, akauliza chakula cha askari kinatoka wapi. Nikajibu kwamba ni juu yake kukitafuta.

Akakitafuta. Alijaribu Sagalla, akakuta ukame. Aligusa Ndara, nikamwonyesha jinsi ya kuwinda ndovu, akautoa mkono kwenye kipanya. "Kuua ndovu ni kifungo," akasema. Halafu akaigundua Werugha, na hapo ndipo nilipouona upumbavu wangu. Alihamisha jeshi zima. Wapanda farasi, wapiga mishale, wote wakapanda mlima, na reli yangu ikabaki porini na mikokoteni yake mitano.

Mimi nilikuwa nimewapanga Wajerumani wasubiri hadi mtu akaribie Maktau. Yeye hakukaribia. Alilima. Nusu saa ikapita, saa ikapita, hakuna mkuki uliorushwa. Nilitamani kumpokonya kipanya. Miezi miwili ya kupanga vita, na vita vimekataa kuanza!

"Baba, adui yuko upande wa Taveta," nikamkumbusha.

"Nimemwona. Ametulia. Amenikosea nini?"

"Lakini huwezi kushinda bila kumpiga."

"Kuna mtu amelala njaa?"

Akaongeza shamba jingine, akaniuliza huko kwetu hasa hupandwa nini, nikasema kabichi na viazi. Akatikisa kichwa, ameridhika, na kuanzia hapo kila shamba akalipa jina la zao lake kwa sauti. Mteja mmoja aliingia kutaka kalamu, akaambiwa angoje.

Adhana ikasikika. Mzee akatafuta kofia yake, akasimama taratibu. Niliketi kitini pake nikiwa nimekata tamaa kabisa, kwani mchezo wa vita usio na vita ni nani angeuhifadhi? Nilisema ahadi ni deni, nikaufungua ukurasa wa kufutia.

"Unafanya nini?" akauliza kutoka mlangoni.

"Nautoa, baba. Fundi amesema kompyuta inataka nafasi."

"Basi futa zile kadi za harusi za mwaka jana. Wale wameshaoana."

Akaenda msikitini. Nami nikazifuta kadi, moja baada ya nyingine, huku nikicheka na machozi yakinitoka.