Niliandaa maonesho ya mbuzi Kilolo nikitegemea kaka yangu ataonekana. Akaja mbuzi wake

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa Mbeya, wa Iringa, na nyie mliojificha mjini mnakunywa supu ya mbuzi bila kujua alikotoka.

Hii sio chai. Mimi sina kipaji cha kutunga, hata barua ya posa niliandikiwa na shemeji. Nasimulia ilivyotokea, majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mfugaji mdogo wa Kilolo, mkoani Iringa, na ni katibu wa kikundi chetu cha wafugaji wa mbuzi. Kwa msiojua, katibu ni yule ambaye mambo yakiharibika analaumiwa, yakienda vizuri mwenyekiti anapongezwa.

Nina kaka yangu mkubwa, hapa nimwite Tito.

Tito na mbuzi walikuwa wanaelewana. Mbuzi aliyekataa kula kwa mtu mwingine, kwake anakula. Lakini kwetu baridi ni kali na ukungu haukauki, mbuzi wa asili wanakohoa, kwato zinaoza. Akawa kila siku wimbo wake ni mmoja, mbuzi wanataka jua.

Basi likaja Fuso lililoleta mpunga Iringa, linarudi tupu Usangu, kule Mbeya. Kaka akapakia mgawo wake wa mbuzi, akamwambia mama, "Nikipata kundi la maana narudi." Mama akamfungia viazi vya kuchemsha akaondoka.

Mwanzo alikuwa anapiga simu sana. Anacheka, anasema kule jua linachoma mpaka kisogo lakini mbuzi wamenenepa. Baadaye simu zikawa za hapa na pale. Halafu ukipiga, haipatikani.

Mnajua ile haipatikani ya mtu aliyezima simu, na ile haipatikani ya mtu ambaye hujui hata yuko upande gani wa nchi? Hii ilikuwa ya pili.

Nilimfuata. Nilizunguka minada ya Usangu mpaka miguu ikavimba. Kule wafugaji wengi wametoka kaskazini, wametawanyika mabondeni na mifugo yao, na kila boma lina mchungaji kutoka mkoa mwingine. Unauliza, "Mnamjua Tito wa Iringa?" wanakuuliza Tito yupi. Nikarudi na vumbi.

Nilivyofika nyumbani mama alitoka nje. Aliangalia nyuma yangu, kama vile kuna mtu alikuwa bado anashuka kwenye bodaboda. Halafu akaingia jikoni.

Wakuu, pale nilimkumbuka kaka kweli. Mtu akifa unalia, unazika, unajua pa kwenda kufagia. Huyu hata pa kuelekeza macho hupajui.

Sasa ndiyo wazo likanijia. Kama mimi nimeshindwa kuwafuata wenye mbuzi, basi wenye mbuzi wanifuate mimi.

Nikapeleka hoja kwenye kikundi: tufanye maonesho ya mbuzi, tena yawe makubwa, tualike mpaka wafugaji wa Usangu. Mwenyekiti akasema, "Mbuzi wa joto utawaleta huku kwenye friji? Watakufa tuambiwe tumewaroga." Watu wakacheka. Nikajieleza kitaalamu, nikataja kubadilishana mbegu, soko, sijui networking. Kila mtu akaitikia kwa kichwa, wakapitisha.

Mama hakudanganyika. Tukiwa tunapukuchua mahindi akasema tu, "Kwenye tangazo la redio uhakikishe wanataja Kilolo vizuri, wasije wakasikia Kilosa."

Naomba nichepuke kidogo kwa wanaotaka kuandaa show ya mbuzi, maana humu kuna watu wanadhani ni kufunga maturubai na kuita MC.

Mbuzi sio ng'ombe. Ng'ombe ukimfunga, amefungika. Mbuzi ukimfunga anaanza kukusoma wewe, kamba na fundo. Tuliandaa vibali, tukapata afisa mifugo wa kukagua kila mbuzi anaposhuka, tukajenga vizimba vya mianzi kwenye uwanja wa shule. Mianzi kwetu ipo tele, nusu ya wajenzi walikuwa wanaikagua kama inatoa ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi. Tukatenga mbuzi wa maziwa, mbuzi wa nyama, mbuzi wa asili.

Kosa letu lilikuwa kwenye namba.

Mwenyekiti alisema namba za plastiki ni anasa. Tukakata maboksi ya sabuni, tukaandika namba kwa kalamu nene, tukawavalisha shingoni kwa katani. Walipendeza, wakuu. Walikuwa kama watahiniwa.

Hatukuwaza kitu ambacho mtoto yeyote wa Kilolo anakijua: mbuzi anakula boksi.

Siku ya show asubuhi yakaanguka manyunyu. Fuso la Usangu likafika limefunikwa turubai, akashuka mzee wa Kisukuma, nimwite Mzee Masanja, na mbuzi wake wa asili. Mbuzi wale alikuwa amewavalisha magunia yaliyotobolewa miguu. Kijiji kizima kilikuja kuangalia mbuzi waliovaa.

Nilimkimbilia, nikamuuliza habari za Tito kabla hata sijamuuliza habari za safari. Akasema hamjui mtu wa jina hilo. Wafugaji wengine wawili watatu walioshuka naye nao hawamjui.

Nilijisikia mjinga. Nimekusanya wilaya nzima, turubai, jenereta, afisa mifugo, na ndani ya moyo wangu show ilikuwa imeisha kabla haijaanza.

Lakini mimi ndiye katibu. Nikashika maiki nikakaribisha watu huku nacheka.

Wakati majaji wanaanza kukagua meno na kwato, nikaona mbuzi mmoja anatafuna namba ya jirani yake. Jirani naye anatafuna ya mwingine. Wakamaliza na katani yote. Beberu mmoja wa mbegu ya maziwa, kumbe tumemweka upande ambao upepo unamletea harufu ya majike, akaamua mianzi yetu si kitu. Kizimba cha kwanza kikalala, cha pili kikafuata. Ndani ya muda mfupi uwanja mzima ni mbuzi, hakuna namba, hakuna mwenye mbuzi, na mwenyekiti amepanda juu ya dawati anapiga filimbi.

Jaji akaniambia, "Katibu, mimi sasa nampa nani alama?"

Nikatangaza kwenye maiki kwamba kila mtu aite mbuzi wake kama anavyowaita nyumbani, atakayemjia ndiye wake.

Jamani, ningetamani mngesikia. Wengine wanapiga miluzi, wengine wanatikisa debe la pumba, mchungaji mmoja wa Kilutheri anaita mbuzi wake kwa majina ya mitume. Na kweli mbuzi wakaanza kuchambuka.

Mama alikuwa upande wa jikoni anapika chai ya wageni. Mbuzi wetu nao walikuwa kwenye vurugu. Akatoka na mwiko mkononi akaita:

"Siwe! Siwe! Siweeee!"

Hili neno si la Kihehe, wala si Kiswahili. Ni la mama peke yake. Mbuzi wake wa kwanza, aliyeletwa nyumbani alipoolewa, aliitwa Siwema. Siwema alikufa kabla mimi sijazaliwa, lakini mama hakubadilisha wito. Kwetu hata beberu mwenye ndevu anaitika Siwema.

Wakaja mbuzi wetu. Na katikati yao akaja jike mmoja mwekundu, amevaa gunia.

Nikaenda kumtoa nikidhani kafuata mkumbo. Nikamsukuma. Akanizunguka akarudi kwa mama, akasimama, akainua kichwa. Mama akaliangalia lile gunia. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaita tena polepole. Yule jike akamfuata.

Mzee Masanja alikuwa anakuja anakimbia na fimbo yake. Akasimama.

"Mayu," akamwambia mama, ndiyo mama kwa Kisukuma, "huyo umemwitaje?"

"Nimeita mbuzi wangu."

"Huyo si wako. Ila hajakosea. Hata kwangu anaitwa hivyohivyo."

Mama akauliza, "Nani alikufundisha?"

"Mwenye mbuzi. Hawa si wangu wote mayu, baadhi nimewekeshwa. Kijana wa huku kwenu Iringa. Sisi tulimuita Muhehe tu. Aliniambia, mzee, bila Siwe hawa watalala porini. Nikajaribu kuwaita Kisukuma, wakaniangalia tu."

Basi hapo nikaelewa. Nilikuwa nauliza jina ambalo kule hakuna mtu alikuwa analitumia.

Mama hakupiga kelele. Aliweka mwiko begani kama jembe, akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Alikuwa anakula?"

Mzee Masanja akacheka. "Anakula mayu, lakini ana maneno! Anamaliza sahani ya wali, anashika tumbo, anasema haya sasa, nipeni chakula."

Mama akacheka kwa sauti. Alicheka mpaka akashika mgongo wa yule mbuzi asianguke, na kicheko kikageuka hapohapo, machozi yanadondoka juu ya gunia. Kwa kaka wali si chakula, chakula ni ugali. Huyo ni Tito, hakuna mwingine.

Kamwene na shikamoo zilifuata baadaye, tukakaa na mzee jikoni. Alitueleza kwamba kaka alisikia habari za dhahabu, akaenda Makongolosi, kule Chunya. Aliacha mbuzi, akasema atarudi kuwachukua. Mvua zimekuja zimepita. Namba aliyoacha ni ileile tuliyonayo sisi, haipatikani.

Show iliendelea, na wito ndio ukawa namba. Watu mpaka leo wanasema ilikuwa nzuri. Mbuzi mwekundu hakushinda kitu, jaji alisema mgongo umepinda kidogo. Mama alimkatia jaji jicho, nikajua wilayani hatutaalikwa tena.

Jioni wageni wakaanza kupakia. Nikamvuta Mzee Masanja pembeni nikamwomba atuachie yule jike. Nikamwambia taja unachotaka.

Akakataa. Kwa upole, ameshika mkono wangu. "Mbuzi wa kuwekeshwa hauzwi, haachwi njiani. Mwenyewe akija nimwambie nini? Kwamba nimekuta watu wanasema ni ndugu zako nikawapa?"

Nilitaka kukasirika. Huyu mama ana kitu kimoja tu kilichotoka kwa mwanawe, ndicho hicho kinapakiwa. Nikaanza kubishana.

Mama akanikatisha. "Mwache mzee arudi naye."

"Mama..."

"Tito atarudi pale alipoacha mbuzi. Akikuta hawapo, ataenda mbali zaidi. Wewe unataka aende wapi tena?"

Nikamwachia mzee mkono.

Sasa yule jike akagoma kupanda Fuso. Wakamvuta, akakaza miguu. Wakamsukuma, akalala. Mzee Masanja akaita "Siwe, siwe" harakaharaka, mbuzi hata sikio hakutikisa.

Mama akamwambia, "Mzee, unamwita kama unagombana naye. Mwishoni unavuta. Siweeee. Kama mtu yuko ng'ambo ya bonde."

Akamrudisha mzee mpaka akaupatia wito. Halafu mama akakunja kitenge, akapanda ubao, akaingia yeye kwenye Fuso, akageuka akaita. Mbuzi akainuka, akapanda peke yake mpaka kwa mama.

Akamkuna katikati ya pembe. Akamfunga gunia vizuri kifuani. Akashuka.

Fuso likawashwa, likaingia kwenye ukungu. Mbuzi alilia mpaka kona. Mama alisimama mikono nyuma, na mimi ambaye ndoto yangu yote ilikuwa nimletee mtu, nilikuwa nimemletea mbuzi wa kuaga.

Nilichojifunza: namba tumieni plastiki, majike wasiwe upande wa upepo, na mkitafuta mtu msiulize jina lake tu, ulizeni anaitaje na anapenda nini. Mwenye uzoefu wa kuandaa show aniongezee, na mwenye ndugu aliyekatika mawasiliano atuambie alimpataje au anamsubirije, tupo hapa kusikilizana. Wale wa "weka picha", zimepigwa na mwenyekiti, zote ni za kwake mwenyewe.

Ombi langu ni kwa mlioko Makongolosi na machimbo ya jirani. Kama kuna Muhehe mrefu mnayefanya naye kazi, anamaliza wali halafu anaulizia chakula, muonesheni huu uzi. Hana kosa na mtu. Hatuna neno naye.

Mzee Masanja alipiga simu juzi. Yule jike mwekundu amezaa mapacha, na kwa heshima akamwomba mama awape majina.

Mama alishukuru sana, akakataa. Akasema, "Wakae hivyohivyo bila majina. Mwenyewe yupo."