Tiketi Yenu, Ndege ya Wenzenu

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini maombi yaliyowashinda wasomi niliyanyoosha mimi, sebuleni kwangu mtaani Muhima. Binti yangu anafanya kazi kwenye shirika la ndege. Walitaka kibali cha kuuza tiketi zenye namba yao ya safari, huku abiria akipanda ndege ya shirika la nchi nyingine. Wakubwa wa usafiri wa anga walishawarudishia maombi mara mbili. Bosi wake akamwambia yakirudi tena, aende nayo nyumbani moja kwa moja.

Binti akanisomea maombi hayo. Kurasa nzima za kusifu ushirikiano, mpaka nikapiga miayo.

"Abiria anaambiwa wapi kwamba ndege si yenu?"

"Baba, iko kwenye kiambatisho."

"Kiambatisho ndicho kinachosafiri? Mimi pale stendi ya Nyabugogo nilikuwa nikiwakatisha abiria tiketi za basi za Kampala, na mpakani watu wangu walihamia basi la mwenzangu. Kila mmoja nilimwambia kabla hajalipa: basi la pili si langu, ila mzigo ukipotea, njoo unitukane mimi."

Akayaweka maneno yangu ukurasa wa kwanza, akaondoa matusi tu. Kibali kikatoka. Binti kazi anayo, bosi kapongezwa, na mimi sijaletewa hata soda.