Chai Iliyopoa Spring Valley

Kuna siku moja sijaisahau, mwanangu, na sitaki kuisahau. Nilikuwa nimesimama mbele ya kaunta ya duka la vipuri kwenye Barabara ya Kirinyaga, hapo mjini kati, miwani ya jua usoni ingawa jua lenyewe halikuwepo, koti la ngozi mabegani, nikimwambia mzee wa watu kwamba mtoto wake tunaondoka naye.

Wewe unayeniona leo na kitambaa kichwani nikichambua sukuma wiki, hutaamini kwamba nilikuwa mwimbaji wa bendi ya roki. Cheka tu, umalize. Miaka ile ya elfu mbili redio za Nairobi zilitucheza asubuhi na jioni. Ukipita Mtaa wa Kimathi vijana wanakusimamisha mpige picha. Bendi yetu tuliiita Mvua ya Mawe. Tulikuwa wanne: mimi, Oti mpiga gitaa na mdogo wake wa kinanda, na Jaspal kwenye dramu. Mazoezi tulifanyia Mountain View, ndani ya banda la kuku la babu yangu, ambaye kwetu twamwita Guka. Kuku wenyewe Cucu, yaani nyanya yangu, aliwauza wiki ya kwanza, kwa sababu waliacha kutaga.

Basi akatokea Mjerumani mmoja mwandalizi wa matamasha, akatusikia kwenye ukumbi fulani mjini, akatualika ng'ambo kwa miezi miwili. Ujerumani, Uholanzi, mpaka Uswidi. Kwa bendi ya watoto wa Nairobi, hiyo haikuwa safari ndogo. Sharti lake lilikuwa moja tu: tuje wote wanne, na hasa yule wa dramu. Bila Jaspal, alisema, tusijisumbue kupanda ndege.

Na Jaspal baba yake alikuwa amekataa.

Mzee Gurdev alikuwa Msikh mrefu, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri. Jaspal alikuwa mwanawe wa pekee. Mimi nikajiona ndiye wa kumshawishi. Nikaingia dukani kwake wateja wakiwa wamejaa, nikaweka ratiba ya ziara juu ya kaunta katikati ya nati na boliti, nikasema, "Anko, viza zimetoka. Jaspal anaenda na sisi. Nimekuja tu kukuambia."

Hakuinua sauti. Aliitazama ile karatasi, kisha miwani yangu, kisha akasema, "Hapa mimi nauza vipuri. Mtoto siuzi." Akamgeukia mteja aliyefuata akamuuliza anataka nini.

Nilirudi Mountain View nimenuna. Tukakutana bandani, Jaspal mwenyewe akiwemo. Oti akasema, "Si wewe ni mtu mzima, bana? Pasipoti unayo. Siku ya safari toka kwa dirisha, sisi tutakungoja na teksi hapo chini." Jaspal alikuwa akigeuzageuza vijiti vyake vya dramu mkononi. Baadaye akasema sawa. Sote tukakubaliana hivyo, na mimi nikafurahi kuliko wote.

Kumbe Guka alikuwa nyuma ya banda akimtengenezea ndama wake ua. Aliingia na nyundo yake, akaketi juu ya spika bila kuuliza ni ya nani, akatuambia tuzime mitambo.

"Mnataka kumwiba?" akauliza.

Nikamwambia, "Guka, Jaspal ni mtu mzima."

"Ng'ombe tu, ukimtaka, unakwenda kwa mwenyewe, unakaa chini, unaongea. Huyu amelelewa na watu mpaka akawa hivi alivyo, halafu nyinyi mnamtolea dirishani?" Akamtazama Jaspal kwa upole. "Na ukishafika huko, hiyo ngoma yako utaipiga ukiwaza nini?"

Jaspal aliviweka vijiti chini. Guka akanigeukia mimi na kuniuliza nilikwenda kwa yule mzee na nani. Nikasema nilikwenda peke yangu. Akauliza nilibeba nini. Nikasema nilibeba ratiba. Guka alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeumwa jino.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, tulikwenda Spring Valley, nyumbani kwa akina Jaspal, kama watu. Guka alivaa koti lake la harusi za wengine na kofia. Cucu alibeba kiondo chenye nduma, sukari, unga na majani chai. Wazee wawili wa kanisa walitusindikiza. Mimi nilivishwa gauni la Cucu lililonifika kwenye vifundo vya miguu, na miwani ikabaki nyumbani. Nilijua kwamba tukikataliwa siku hiyo, bendi imekwisha, maana Jaspal alikuwa ameapa hatatoka kwa dirisha.

Mlinzi wa lango alituhesabu mara mbili kabla ya kufungua. Mama Jaspal alipoona wazee wa Kikuyu wanne wakipanga foleni sebuleni, na katikati yao msichana aliyeinamisha kichwa, alikaa chini ghafla. Alinitazama kuanzia rasta zangu mpaka viatu. "Ndiye huyu?" akamuuliza mwanawe kwa sauti ndogo. Jaspal alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"La, mama," Guka akasema, "usiogope. Hatukuja kuposa. Tumekuja kumwomba kijana wenu, halafu tumrudishe."

Chai ikaletwa, ya maziwa na tangawizi, na sambusa, na bajia. Mama Jaspal alitumiminia kila mmoja. Hakuna aliyegusa kikombe. Alikaribisha mara ya pili, Guka akamwambia kwa heshima, "Ahsante mama. Tutakunywa tukishasikizana." Nilimwona yule mama ameumia, kwa sababu kwao mgeni asiyekula amekutukana, na kwetu mwenye kuomba hali kabla ya kujibiwa. Chai ikakaa pale katikati yetu ikipoa, nami nilitamani sakafu ipasuke nizame.

Mzee Gurdev akaeleza, na ndipo nilipoona haya. Alikuwa na mdogo wake, aliyekwenda Kanada kumtembelea rafiki kwa wiki mbili. Hakurudi. Barua zilikuja mwanzoni, kisha simu, kisha hata simu ikakoma. Mama yao alikuwa akiketi kwenye baraza, kiti kimeelekezwa langoni, mpaka alipofariki. "Kiti bado kiko nje pale," akasema. "Mimi sitaki kukikalia."

Mimi nilikuwa nimekuja na hoja zangu zote tayari, jinsi muziki ulivyo kazi, jinsi Jaspal alivyo na kipaji. Guka hakutoa hata moja. Aliniambia nisimame.

"Huyu ni mjukuu wangu wa kwanza," akasema. "Amebeba jina la mke wangu huyu hapa. Siku watakayotua, haji kwangu. Anakuja hapa kwanza, na kijana wako ubavuni. Asipomleta, asije kwangu pia." Akanigeukia. "Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Sauti ilitoka ndogo kweli, mimi niliyezoea kuwapigia kelele watu ukumbi mzima.

Mzee Gurdev alinitazama. Alimtazama Guka. Kisha akaiangalia ile chai, iliyokuwa imeshika utando juu, akamwambia mkewe, "Mama, hii imepoa. Waletee ingine moto."

Guka akavua kofia. Hapo ndipo nilipojua kwamba tunakwenda ng'ambo.

Ziara yenyewe sitakuchosha nayo. Tulipiga kumbi ambazo ukisimama jukwaani huoni mwisho wa watu. Walituimbia nyimbo zetu kwa Kiswahili kilichovunjika vunjika, na nililia jukwaani zaidi ya mara moja. Lakini katika mji wa mwisho, tukinywa kahawa asubuhi hotelini, Jaspal akaniambia bendi moja kubwa ya huko imemtaka abaki. Mkataba uko tayari. Asiporuka nasi kesho, anaanza kazi keshokutwa.

"Nikirudi, baba hataniachia tena," akasema. "Wewe unamjua."

Mwanangu, nilikuwa nimeahidi, na yeye alikuwa rafiki yangu. Kumlazimisha sikuweza. Kumdanganya kwamba baba yake atakubali sikuweza pia, kwa sababu sikujua. Nilimwambia kile nilichokuwa nacho tu. "Kile kiti bado kiko barazani, Jaspal. Rudi umwombe. Mimi nitaketi nawe." Aliweka uso mikononi akalia. Kesho yake alikuja uwanja wa ndege na begi lake.

Tulipotua Nairobi kulikuwa na waandishi wa habari, na mama yangu na shangazi zangu walikuja na matatu mbili nzima na mashada ya maua. Niliwakumbatia mbio mbio, nikawaambia tutaonana jioni. Waandishi walibaki na Oti, ambaye hakulalamika hata kidogo. Mimi na Jaspal tukachukua teksi moja kwa moja mpaka Spring Valley.

Mzee Gurdev alikuwa amesimama langoni mwenyewe, mlinzi kando. Sijui alikuwa amesimama tangu saa ngapi. Alimshika mwanawe mabega yote mawili, akamshika tena, kisha akaniambia, "Umemleta."

Tukaingia sebuleni. Mama Jaspal akaleta chai, ile ile ya tangawizi, na mimi nilikuwa na njaa ya safari ya ndege. Jaspal akasema yote ya ule mkataba pale pale, kwa Kipunjabi, akiangalia zulia. Sikuelewa neno, lakini nilielewa pale mama yake alipoacha kumimina.

Kikombe changu kilikuwa mbele yangu kikitoa mvuke. Sikukigusa. Niliweka mikono yangu mapajani kama Guka, nikangoja jibu.

Mzee Gurdev akaona. Aliniangalia, akaangalia kikombe, akaniangalia tena, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, yule mzee akacheka, machozi yakimteremka ndevuni.

"Kunywa, msichana," akasema. "Ataenda. Sasa najua njia ya kurudi anaijua."

Ile bendi ilikubali kumngoja, Jaspal akaenda, na kila Desemba alirudi. Miaka kadhaa baadaye tulipomzika Guka, alikuja kwa ndege ya asubuhi, akashika koleo pamoja na binamu zangu akitupa udongo. Mzee Gurdev alikaa mstari wa mbele karibu na Cucu. Baada ya mazishi Cucu akamletea chai, naye akaipokea kwa mikono miwili akainywa yote. Bendi ilishakufa zamani kwa sababu nyingine za kawaida, watoto na kodi na magoti. Urafiki ule bado ninao, na namshukuru Mungu kwa babu aliyeingia bandani na nyundo.

Basi nakuambia, mwanangu, wewe unayefunga begi lako sasa hivi. Nenda. Dunia ni kubwa na una haki ya kuiona. Lakini usitoke kwa dirisha, na siku hizi dirisha lenyewe ni ujumbe mfupi wa simu unaoutuma ukiwa tayari umekaa ndani ya ndege. Kaa chini na waliokulea. Waambie, na uwaache waseme hofu yao mpaka mwisho, hata kama chai itapoa. Ukitoa ahadi, itimize kabla hujaenda kupumzika. Na ukimchukua mtoto wa mtu, iwe ni kwa bendi au kwa ndoa au kwa kazi, jua mlango ambao utamrudisha.

Mungu akutangulie uendako, akupe watu wa kukusindikiza na watu wa kukusubiri. Uende ukasikike mbali. Na siku utakayorudi, ukute lango liko wazi, hakuna aliyelazimika kukalia kile kiti cha barazani, na chai iko moto.