Vimiraba Vilivyoonekana Kama Ngolo

Nikiwa kidato cha tatu nilipewa kazi niliyoipenda kwa sababu moja tu: haikuhitaji kusema. Kikundi cha wakulima wa kahawa cha shangazi yangu kilikuwa kinatengenezewa tovuti, maana siku hizo wanunuzi binafsi walikuwa wengi Mbinga na kila kikundi kilitaka kuonekana. Kaka mwenye chumba cha intaneti karibu na stendi alijua ninachora, akaniambia nichore alama za kubonyeza.

Nilichora picha tupu, bila neno hata moja. Nyumba ya kurudi mwanzo, bahasha ya kuandika barua, vimiraba tisa vya kufungua kurasa nyingine zote. Niliwaza kwamba wazee hawasomi, picha zitawasaidia. Kaka akanionya, "Wakija kuijaribu Jumamosi wakakwama, wewe ndiye utasimama kuwaelekeza." Mimi, ambaye nikiulizwa swali darasani natetemeka hadi kalamu inadondoka!

Jumamosi wanakikundi wakajaa chumbani. Shangazi akawa wa kwanza kukaa kwenye kompyuta. Alitafuta ukurasa wa miche ya kahawa, aone siku ya kugawiwa. Intaneti ilikuwa nzito, picha zikafunguka moja moja huku tukisubiri. Vimiraba vilipotokea akacheka.

"Jamani, ngolo hizi hapa!"

Kweli, ukitazama mteremko kutoka ng'ambo ya bonde, ngolo zetu, yale mashimo ya kilimo yanayozuia udongo usichukuliwe na maji, zinaonekana hivyo hivyo.

"Basi huku ni mahindi na maharage," akasema. "Kahawa hatupandi kwenye ngolo."

Akaviacha, akabonyeza nyumba. Ukurasa ukarudi ule ule. Akabonyeza tena.

"Inakurudisha kwako, shemeji," mzee mmoja akamtania. "Mumeo ana njaa."

Watu wakaangua kicheko. Kaka akanitazama.

Nilimsogelea shangazi nikamnong'oneza kuwa miche imo kwenye vile vimiraba.

"Sasa kwa nini hukuandika?"

"Nilidhani kusoma kutakusumbua."

"Kusoma nilifundishwa, mwanangu, elimu ya watu wazima, na mtoto mgongoni. Hizi katuni zako ndizo sijafundishwa."

Wao wakanywa chai, mimi nikaketi na kaka, tukaondoa picha, nikaandika: Mwanzo. Barua. Miche. Mbele ya kila neno nikaweka alama ya mshale (>) iliyoko kwenye kibodi. Safari hii ukurasa ulifunguka mara moja.

Shangazi akasoma kwa sauti, "Mi-che," akabonyeza. Siku ya kugawiwa ikatokea. Akaguna kwa kuridhika, akampisha yule mzee na kumwelekeza mwenyewe: "Soma, bonyeza. Basi."

Wakaendelea kupokezana kiti hivyo hivyo, wakicheka na kusahihishana. Hakuna aliyeniita mbele. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango na kikombe cha chai kilichopoa, na nilikinywa chote.