Neno la Mwisho la Tita Verocai

Kwa miaka thelathini na tisa Sisto Verocai aliwapandisha wageni kwenye Minara Mitano, majabali yaliyosimama wima juu ya mji wa Cortina, kaskazini mwa Italia. Kila ufa wa kupenyeza kidole aliujua. Mahandaki ya vita yaliyo chini yake, hayo aliyapita upesi bila kugeuza shingo. Mwaka 1915 jeshi la Austria, nchi iliyoitawala Cortina kabla ya Italia, lilimtuma kaka yake, Tita, akaipeleleze ngome ya Waitaliano hapo. Hakurudi, wala maiti yake haikuonekana. Mama yao alikufa akiwa bado anamtandikia kitanda.

Kiangazi cha 1961 alikuja Carmine Lorusso, kinyozi mstaafu wa Bari, mji wa pwani ya kusini. Hakutaka kupanda, aliomba tu apelekwe mahandakini. Njiani alieleza kwamba alikuwa askari wa Italia pale, na alfajiri moja alimpiga risasi mtu aliyekuwa akishuka kwa kamba. Alipomfikia, kijana alikuwa bado anahema. Alipokata roho, Carmine alimzika kwa mawe, peke yake.

Sisto akamuuliza kijana huyo alikuwaje. Nywele nyekundu, akajibu, na kidole kidogo cha kushoto hakikuwepo.

Sisto akaketi. Kidole hicho Tita alikikata kwa shoka akiwa na miaka tisa.

“Ni kaka yangu huyo,” alisema. “Alisema lolote?”

“Neno moja tu. *Mare*. Bahari. Maisha yangu yote najiuliza, mzee mwenzangu, mtu wa milimani anaililia bahari ya nini? Nikadhani ana kiu. Nikamnywesha maji.”

Sisto akamweleza.

“Sisi huku tuna lugha yetu, hatusemi kama nyinyi. Kwetu *mare* ni mama.”

Carmine akavua kofia, akageukia jabali. Sisto hakumlaumu. Mwishowe akamwambia, “Twende ukanionyeshe.”

Waliondoa mawe kwa mikono hadi adhuhuri, wakapata mifupa, misumari ya buti na kipande cha kamba.

Jumamosi Tita alizikwa ubavuni mwa mama yake. Carmine alisimama nyuma kabisa kanisani, mpaka Sisto akamfuata, akamshika mkono, akamketisha benchi la familia. Binamu mmoja alinong'ona kwamba huyo ndiye aliyemuua.

“Na ndiye aliyempa maji,” Sisto alisema.

Binamu huyo hakumsalimia Sisto hadi theluji ilipoanguka.