Sifongo Iliyochelewa

Mikono ya Enoch Pargeter iliharibika kabla hajatimiza miaka thelathini. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilipinda kuelekea ndani kama ndoano, na nyuma ya kiganja palikuwa na mfupa uliounga vibaya, umechomoza kama kokoto chini ya ngozi. Wageni waliomwona akifua misumari pale Cradley, kijiji cha Uingereza, walidhani nyundo ndiyo iliyomfanya hivyo. Haikuwa nyundo. Yalikuwa mafuvu ya watu.

"Kichwa ni jiwe," aliwaambia vijana waliokuja uani kwake kila Jumatatu, siku ambayo hakuna mfua misumari aliyewasha tanuru. "Ukipiga jiwe kwa mkono mtupu, nani anaumia?"

Aliwafundisha kukunja ngumi na kuipeleka ikiwa wima, kidole gumba juu, mkono wa kushoto ukitangulia mbali ili mtu asikufikie kwa urahisi. Aliwaonyesha mahali pa kupiga: chembe cha moyo, mbavu za chini, taya, nyuma ya sikio. Aliwafundisha kumkumbatia mtu kiunoni na kumpitisha juu ya nyonga mpaka mgongo wake ugonge chini, maana sheria za ulingo ziliruhusu. Haya hata wazee wengine wa Cradley waliyajua. Somo lake mwenyewe, alilolitafakari miaka yote mikono yake ikimuuma wakati wa baridi, lilikuwa la mwisho. Kama kichwa ni jiwe, basi mpe mpinzani jiwe. Ngumi ikija usiikimbie. Bana kidevu kifuani, inama kidogo, iache itue pale nywele zinapoanzia. Mtu atavunja vidole vyake mwenyewe, na mtu asiye na mikono hapigani.

Aliyelishika somo hilo kuliko wote alikuwa Reuben Tilley, shemeji yake, mdogo wa mkewe Kezia. Reuben alikuwa na shingo nene na mdomo usiochoka. Aliweza kuiga sauti ya mtu yeyote: mhubiri wao mwenye mafua yasiyokwisha, dalali wa misumari akilalamika kwamba mzigo umepungua uzito, hata Enoch mwenyewe. "Kichwa ni jiwe," angesema kwa sauti nzito, akikunja kidole kimoja kama ndoano, na ua mzima ungecheka, Enoch akiwamo.

Katika miaka sita Reuben alipigana mara kumi na moja asishindwe. Wanaume saba waliondoka ulingoni wamekumbatia mikono yao. Kila baada ya pigano Kezia alimkalisha kwenye kigoda, akamkanda uso kwa siki na maji ya chumvi. Yeye ndiye aliyeona kwanza.

"Siku hizi Reuben hamuigi mhubiri," alimwambia mumewe. "Na jana kakoroga chumvi kwenye uji mara mbili. Mara tatu, nadhani."

"Ana usingizi."

"Usingizi wa miezi minne, Enoch?"

"Ngumi hazimfikii usoni, mke wangu. Mwangalie. Pua imenyooka kuliko ya kasisi."

"Usoni hazifiki. Sijui zinafika wapi."

Enoch alicheka. Alikikumbuka kicheko hicho baadaye kuliko alivyokumbuka mambo mengi makubwa.

Pigano la kumi na mbili lilikuwa dhidi ya Silas Mobbs, fundi wa bunduki kutoka Birmingham, mtu mrefu ambaye mkono wake wa kulia ulisifiwa mpaka mbali. Asubuhi ile, kabla hawajatoka, Kezia alisimama mlangoni.

"Ushindi siutaki," alisema. "Mrudishe akiwa analijua jina langu. Hilo tu."

"Atalijua."

"Na ukiona mambo yanaharibika?"

Enoch akatoa sifongo mfukoni, akamwonyesha. "Mimi ndiye mpambe wake. Hii ikiruka juu, pigano limekwisha, na hakuna wa kumlaumu yeye. Wanilaumu mimi."

Ndivyo zilivyokuwa sheria. Raundi iliisha mtu akianguka. Mpambe alipiga goti moja chini, na lile la pili likawa kiti cha bondia wake kwa nusu dakika, akipanguswa damu. Kisha bondia alipaswa kuinuka na kwenda kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwenye mstari katikati ya ulingo. Asipofika, ameshindwa. Kazi ya goti na kazi ya sifongo zilikuwa za mtu mmoja.

Ulingo ulifungwa kwenye malisho kando ya kijito, maana serikali ilikataza mapigano hayo, na ng'ambo ya kijito ilikuwa wilaya nyingine, na hakimu wa huku hakuwa na amri kule.

"Njoo hapa, msumari!" Mobbs alipaza sauti. "Leo nakugongelea mpaka kichwa kilingane na ubao!"

"Gongea, babu," Reuben akajibu. "Ila angalia vidole."

Watu wakaangua kicheko. Yalikuwa maneno ya mwisho ya utani Enoch kuyasikia kinywani mwake.

Mobbs alikuwa na nguvu kweli. Raundi ishirini na mbili alimpiga Reuben juu ya paji la uso, na Reuben aliinama na kupokea kama alivyofundishwa. Katika ya ishirini na tatu Enoch aliusikia mlio, kama kijiti kikavu kikikanyagwa. Mobbs aliubana mkono wake wa kulia kwapani. Enoch, goti lake likiwa matopeni, alijisikia kama mtu aliyethibitishiwa maisha yake yote.

Hapo wakasikia ukelele kwamba hakimu anakuja na askari waliopanda farasi. Kila mtu alijua la kufanya. Vigingi viling'olewa, kamba zikazungushwa mabegani, na umati wote ukavuka kijito ukipiga kelele na kumzomea hakimu kutoka upande wa pili. Uwanja mzuri wa karibu ulikuwa mwendo wa nusu saa. Enoch alimtupia Reuben koti mabegani, akamshika mkono. Jabez Noake, msaidizi wao aliyebeba chupa ya maji, alifuata nyuma.

Njiani Reuben alisimama ghafla. Akageuka, akaanza kurudi walikotoka.

"Huku, Reuben."

Reuben alimtazama kwa heshima nyingi. "Baba, mkokoteni wa makaa umeshafika?"

Baba yake Reuben alikufa mgodini miaka tisa iliyopita.

Enoch alimrekebishia koti mabegani. "Umeshafika," alisema. "Twende."

Jabez alimvuta kando. "Kaka, huyu hayupo. Maliza sasa hivi, tungali njiani. Nani atakucheka?"

"Mkono wa Mobbs umevunjika, Jabez. Umeusikia. Zimebaki raundi tatu. Nne."

"Nakuambia kakuita baba."

"Nimesikia alivyoniita."

Sifongo ilikuwa mfukoni, imelowa, ikimlowesha paja. Hakuna aliyekuwa akiwatazama. Hapakuwa na ulingo, hapakuwa na mstari, palikuwa na njia ya matope na ua wa miiba na mtu aliyetaka kurudi nyumbani. Katika miaka iliyofuata Enoch alijaribu kujiambia kwamba alimwonea Reuben haya, au watu wa Cradley waliokuja kwa miguu tangu alfajiri. Haikuwa kweli. Alitaka kuona somo lake likifika mwisho.

Kwenye uwanja mpya zikaja raundi kumi na nne. Mobbs alijifunza kupiga kwa kushoto. Reuben alikuwa amesahau ngumi ya wima, amesahau chembe cha moyo na nyonga, lakini kila mara aliinuka kutoka kwenye goti la Enoch, akaenda mpaka mstarini, akabana kidevu kifuani. Hilo tu ndilo lililobaki. Mwishowe sifongo ya upande wa pili iliruka. Umati ulivunja kamba na kuingia. Reuben alibaki mstarini, ngumi juu, akimngojea mtu aliyekwishaondoka.

Kezia aliwapokea mlangoni. Hakumuuliza mumewe kitu.

"Mimi ni nani?" alimwuliza mdogo wake.

Reuben alitabasamu kama mgeni mwenye adabu. "Wewe ndiye mwenye nyumba."

Kezia akaenda kuleta beseni la siki.

Reuben alijifunza upya jina la dada yake baada ya wiki kadhaa, akalipoteza tena majira ya baridi. Aliishi nao. Aliweza kuvuta mvukuto na kukata vyuma kama mtu akimwanzishia. Lakini kila mchana nyundo zilipotulia, alikwenda uani mpaka kwenye ufa kati ya matofali, akasimama mguu mmoja mbele, ngumi juu, kidevu kifuani. Chakula kilipoa.

"Tumeshinda, Reuben," Enoch alimwambia, siku baada ya siku. "Njoo ule."

"Bado," Reuben alijibu.

Vijana waliendelea kuja Jumatatu kwa miaka michache. Enoch aliwafundisha hatua na ngumi, lakini walipomuuliza habari za kichwa alisema hajui kitu. Kisha hawakuja tena.

Ilikuwa mwaka wa tano, au wa sita. Enoch alikuwa akinawa kwenye ndoo, Kezia akipakua njegere na vipande vya nyama ya nguruwe, Reuben mahali pake. Enoch alimtazama kwa muda. Kisha akalichovya lile tambara la kunawia, akaenda kando ya ufa, akapiga goti moja juu ya matofali, akalitupa tambara juu kwa nguvu zake zote. Lilipanda mpaka juu ya paa la karakana, likatawanya maji, likaanguka kwa kishindo.

Ngumi za Reuben zilishuka. Aligeuka, akaliona goti, akalikalia. Alikuwa mzito.

"Nani kasalimu amri?" aliuliza.

"Mimi," Enoch alisema. "Si wewe. Ni mimi."

Reuben aliitikia kwa kichwa, akaonekana kuridhika. Mlangoni Kezia alikuwa amesimama na bakuli. Akaingia ndani.

Tangu siku hiyo tambara lile lilitundikwa kwenye msumari karibu na ndoo, na hakuna aliyelitumia kunawia. Kila mchana Enoch alilishusha, akalilowesha, akatoka nalo uani.