Midomo ya Korosho

Nilimkataza. Nilimwambia mjukuu wangu, korosho mbichi haipasuliwi kwa meno, ganda lake lina mafuta yanayounguza. Akanisikia kama wanavyosikia watoto wa kidato cha pili. Kesho yake midomo imevimba kama maandazi, nami, Mungu anisamehe, nilicheka kwanza ndipo nikampaka dawa.

Shuleni mwenzake akampiga picha. Picha ikageuzwa stika, ikatupwa kwenye kundi la darasa kwenye simu, wakawa wanarushiana mchana kutwa. Wengine wakaandika kwamba ana ugonjwa wa aibu. Mjukuu wangu akaacha kwenda shule, na mtihani wa taifa umebaki wiki mbili.

Mimi niliishia darasa la nne kule Nachingwea, kabla sijaolewa huku Ruangwa. Mambo ya simu siyajui. Nikaona dawa ni kumnyang'anya. Simu nikaizika ndani ya debe la ufuta, nikafunika, nikakaa juu yake.

"Bibi," akaniambia, "wao wamenitukana, halafu wewe unaniadhibu mimi. Rafiki zangu wananitetea humo humo. Na ushahidi uko humo."

Mtoto alisema kweli, na mimi sipendi kuambiwa kweli na mtu niliyembeba mgongoni. Nikaichimbua simu, ufuta umejaa kila tundu. Nikamwambia anisomee yote, asiruke hata moja. Alisoma huku analia. Kumbe siku zote hizo alikuwa akiyasoma peke yake.

"Aliyeanza nani?"

Akamtaja. Mjukuu wa mtani wangu, binti wa nyumba ya tatu kutoka kwetu!

Hapo roho yangu ikatulia. Ukoo wao na wetu tunatukanana tangu enzi za mababu, lakini kwa utaratibu. Mtani anakutukana usoni, anangoja umjibu, na ukifiwa yeye ndiye wa kwanza kukuchotea maji. Kumchafua mtu kwenye simu halafu ukajifiche si utani. Ni woga.

Kwanza tulimpelekea mwalimu wa darasa stika zote na maneno yote. Kisha nikaenda kwa mtani wangu.

"Kibogoyo wewe, nani kakufungulia?" akanipokea.

"Nimefuata adabu niliyowaazima, naona imewapotea. Huyu mjukuu wako hukumfundisha utani?"

Nikamwonyesha simu. Akaacha kucheka.

Nilimuuliza mjukuu wangu kama anataka kuonana na mwenzake. Akasema bora usoni. Basi Jumamosi wakaja wote shambani kwangu kuokota korosho, na sisi vikongwe wawili tukiwa katikati yao. Yule binti akasimama anatazama vidole vya miguu.

"Kwenye simu si ulikuwa na mdomo?" bibi yake akamwambia. "Haya, sema mbele yake, na yeye akujibu."

Binti akasema kwa sauti ndogo: "Samahani. Nilidhani mnacheka wote. Sikujua kama umeacha shule kwa ajili yangu."

Mjukuu wangu akamtazama weee. "Midomo yangu imepona. Hilo paji lako, pana kama uwanja wa ndege wa Nachingwea, litapona lini?"

Binti alicheka mpaka ndoo ikamponyoka, korosho zikatawanyika, tukaokota upya sote. Mtani wangu akasema huyu sasa ndiye mtani, huyu kanishinda hata mimi.

Siku ile ile yule binti aliandika kwenye kundi, kwa jina lake, akaomba radhi na kuwataka wenzake waifute stika. Si wote walioifuta. Wawili waliitwa na mwalimu pamoja na wazazi wao, ikaishia hapo.

Jumatatu mjukuu wangu akavaa sare. Mlangoni akageuka, akaniambia anataka kutengeneza stika yangu mimi, nimekaa juu ya debe la ufuta kama askari wa benki.

"Nimeomba ruhusa kwanza, Bibi, umeona?"

Nikamwambia aende zake shule, atachelewa. Ila jioni aje anipige picha, na nitafunga kile kilemba kipya.